Amri Namba 17 Kuhusu Kuona

Kwa furaha, na kwa kibali cha ofisi, natangaza kwamba tangu tarehe tatu Januari mji wetu wa Sivodolie umeingia katika orodha ya miji yenye setilaiti. Nasema umeingia kwa sababu ndivyo lilivyosema bango. Kabla ya hapo tulikuwa katika orodha moja tu, ile ya miji yenye ukungu, na huko tulishika nafasi ya kwanza bila juhudi yoyote ya halmashauri.

Mimi ni Radul Besarov, mkuu wa Idara ya Tanzia na Mabango. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo za umeme na kwenye kituo cha basi. Hubandikwa tena siku ya arobaini, baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na kila mwaka mpaka waliobaki nao wabandikwe. Chini ya jina huandikwa kazi ya marehemu. Zamani kila familia iliandika ilichotaka. Kisha muuza nyama mmoja akabandikwa kama daktari wa upasuaji, na watoto wake wakashindwa kabisa kuona kosa liko wapi. Ndipo halmashauri ikaamua kwamba kila kazi ya marehemu ipate saini ya meya. Meya asipokuwepo, atatia saini mkuu wa Idara ya Tanzia.

Kifungu hicho cha mwisho kilikuwa hakijawahi kutumika, kwa sababu meya wetu, Bwana Ventsislav Drumev, yupo kila siku. Kitabu cha mahudhurio kinasema hivyo. Anayekijaza ni katibu wake, kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa nirudi kwenye setilaiti. Ina ukubwa wa kisanduku cha viatu. Ilirushwa kutoka nchi nyingine, kwa roketi ya watu wengine, ikiwa imebanwa katikati ya mizigo ya watu wengine, lakini jina ni letu: Sivodolie-1. Kazi yake, kwa mujibu wa hotuba ya uzinduzi, ni kuwepo. Upande wa chini imebandikwa picha ya Bwana Meya akiitazama dunia.

Kilichobaki kilikuwa hati ya makabidhiano. Wizara ilitaka ushahidi kwamba setilaiti imeonekana, na mkaguzi angekuja kutoka mji mkuu, Sofia, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Bwana Meya akaunda Kamati ya Kutazama yenye wajumbe tisa. Kamati ilikaa juu ya paa la halmashauri kila siku kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa kuwa hizo ndizo saa za serikali na anga la usiku halimo ndani yake. Kumbukumbu za wiki ya kwanza zinasema: "Ukungu umeonekana vizuri. Wajumbe wote wameafiki." Wiki ya pili mjumbe mmoja alimwona mjumbe mwenzake, na jambo hilo likaandikwa chini ya kichwa cha Maendeleo.

Katika wiki hiyo ya pili Shangazi Tsonka Pencheva alikuja tena dirishani kwangu. Alikuwa akija kila Jumanne tangu mumewe afariki, na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia.

"Maneno matatu tu, Radul," alisema. Akaisukuma karatasi kupitia tundu la kioo. Ilikuwa na picha ya mumewe, Zhelyazko, akiwa na fulana ya sufi, na chini yake, kwa kalamu ya risasi: mtazamaji wa setilaiti.

"Shangazi, nilishakujibu kwa barua."

"Barua yako nimeisoma. Inasema Zhelyazko hakuwa chini ya anga alilokuwa analitazama."

"Ndivyo ilivyo. Mtazamaji sharti awe mahali panapotazamwa. Yeye alikuwa humu ofisini."

"Na wewe ulikuwa kiti cha pili, mdomo umejaa banitsa yangu ya jibini. Ulikuwa unamwambia, 'Zhelyo, ile pale, inapita juu ya kondoo.' Aliniigizia nyumbani, mpaka sauti yako."

"Hilo halimo kwenye faili."

"Banitsa imo kwenye faili. Fungua uone mafuta."

Hiyo ni kweli. Ni ukurasa wa arobaini.

Ni lazima nieleze habari ya kondoo. Zhelyazko Penchev alikuwa msoma mita za maji, na tulikaa chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja. Kwetu ukungu hushuka Oktoba na kuondoka Aprili. Mtu anayependa anga ana njia mbili, kuhama au kungoja. Yeye alipata ya tatu. Duniani kuna watu wameweka kamera na kuziunganisha kwenye mtandao kwa shughuli zao: mfugaji wa New Zealand anachunga lango la zizi lake, hoteli ya mlimani India inawaonyesha wageni mandhari. Zhelyazko alizifungua kamera hizo kwenye kompyuta ya Idara ya Maji, akaachana na lango, akatazama kipande cha anga kilichobaki juu yake. Saa tano asubuhi, sisi tukinywa kahawa, kule New Zealand ndiyo kwanza giza limeingia, na setilaiti iliyo juu sana bado inapigwa na jua. Kinukta cheupe kinatoka kona ya skrini, kinatembea taratibu juu ya zizi, kinazimika. Yeye anatazama saa, anatazama majedwali yake, anaandika kwenye daftari ya shule: tarehe, kamera, dakika, jina la kitu. Aliandika mistari elfu nne mia moja na kumi na sita. Mataifa yote yenye nguvu yalipita chumbani kwetu wakati wa kahawa, na hakuna faili lililochelewa kuliko kawaida.

"Alisoma mita miaka thelathini," nilimwambia Shangazi Tsonka. "Andika msoma mita. Hiyo naipiga muhuri sasa hivi, hata hungoji."

"Mita alizisoma kwa sababu alitumwa. Kutazama juu hakutumwa na mtu."

Mihuri yangu ni minne, na hakuna hata mmoja wa jambo kama hilo.

"Tanzia ya arobaini ilitoka bila neno," akasema. "Ya miezi sita, bila neno. Watu wanangoja basi, wanaisoma, wanadhani alikuwa hafanyi kitu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi anatimiza mwaka, Radul. Sitaki apite tena hivyo."

Alipoondoka nilipanda kwa Bwana Meya. Nilifanya hivyo kwa faida ya setilaiti.

Bwana Meya alikuwa amefika kama kawaida kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa ya taka, kwa sababu ule wa mbele una wastaafu. Wamekaa kwenye ngazi tangu vuli ya mwaka juzi, wakiwa na chupa za chai na malalamiko kuhusu mabomba ya joto, na Bwana Meya anawaheshimu mno kiasi kwamba hapendi kuwasumbua.

Nikamweleza njia ya Zhelyazko.

"Subiri," alisema. "Unaniambia naweza kuiona bila kutoka nje?"

"Bila hata kusimama, Bwana Meya."

"Na saa za kazi?"

"Saa tano asubuhi. Wakati wa kahawa."

"Kumbe tumeishi gizani siku zote hizi," akasema, na akaagiza wajumbe washushwe kutoka paani. Wanane walishuka. Wa tisa alipatikana kesho yake.

Siku hiyohiyo ikaandikwa Amri Namba 17. Kifungu cha kwanza: kitu kilichoonekana kwa kamera ya mtandaoni kimeonekana kisheria. Kifungu cha pili: kitu kisichoonekana kwa kamera ya mtandaoni hakipo kisheria, hata kama kinaonekana kwa macho. Hicho cha pili Bwana Meya alikiongeza kwa mkono wake, akiwafikiria madiwani wa upinzani wanaosema wameona mashimo barabarani. Hakuna kamera barabarani. Kwa hiyo katika asubuhi moja mashimo sitini na mawili yaliondolewa mjini, pamoja na lile la mbele ya shule ambalo bata walikuwa wamelizoea. Kifungu cha tatu kilimteua Bwana Meya kuwa Mtazamaji Mkuu.

Zikabaki daftari. Bila daftari hatukujua kamera ipi ifunguliwe dakika gani. Bwana Meya akanituma kwa Shangazi Tsonka.

"Mwambie maneno yake matatu nitayatia saini," alisema. "Mwambie ni ahadi ya meya."

Nikamwambia. Shangazi Tsonka akazitoa kabatini, daftari kumi na tisa zilizofungwa kwa utepe wa mfuko wa sukari, akanipa bila kuniuliza kitu. Niliona aibu kidogo kwamba hakuniuliza.

Jumatano, siku moja kabla ya mkaguzi, nikampelekea Bwana Meya karatasi ya tanzia. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Amri inaanza kufanya kazi mwaka huu, Radul. Huyu alitazama miaka iliyopita. Sheria haiwezi kurudi nyuma kumchukua."

"Uliahidi, Bwana Meya."

"Niliahidi kabla ya kusoma amri yangu. Halafu fikiria mwenyewe: mji mdogo kama huu utakuwaje na watazamaji wawili, mmoja meya na mwingine msoma mita? Watu watachanganyikiwa." Akanirudishia karatasi. "Waandike alipenda maua. Wafu wote walipenda maua."

Nikaenda kumjulisha Shangazi Tsonka, kama utaratibu unavyotaka. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Akanikatia banitsa, nami nikaila nikiwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani akachelewa.

"Kesho nitakuja," alisema. "Nije kuzichukua daftari zake."

Nilirudi ofisini na kuzisoma daftari zote kumi na tisa. Katika ya nane, pembeni, Zhelyazko ameandika: "Vya ukubwa wa kisanduku cha viatu, kamera hizi haziwezi kuviona. Usijidanganye." Baada ya hapo nikafungua kabati la kanda za kamera ya uwanjani, ile ambayo Bwana Meya aliifunga Februari iliyopita ikielekea mlango wa mbele wa halmashauri, ili dunia ituone. Nikaandaa nyaraka. Mtumishi wa umma huandaa nyaraka.

Mkaguzi aliitwa Evdokia Lyutova. Alikuwa mama mwembamba ambaye hakuvua koti wala hakuketi mpaka aliposoma Amri Namba 17 kwa ukamilifu, mara mbili. Ukumbi ulijaa. Madiwani walikaa mbele, kamati nyuma yao, na Shangazi Tsonka kiti cha mwisho karibu na mlango, daftari zimepangwa mapajani. Kwenye skrini kubwa kulikuwa na zizi la New Zealand, lango, na kondoo mmoja aliyekuwa akitutazama kwa umakini kuliko wajumbe.

Saa tano na dakika nne kinukta kikatoka kona ya kushoto.

"Ile pale," alisema Bwana Meya. "Sivodolie-1. Tazameni inavyokwenda, ina heshima."

Madiwani wakapiga makofi. Mmoja alisema anaiona mpaka picha.

"Hiyo siyo," alisema Shangazi Tsonka. Hakupaza sauti, ukumbi ndio uliopoa. "Hicho ni kipande cha roketi ya zamani ya Warusi. Kinajipindua kikienda, ndiyo maana kinawaka na kufifia, kila baada ya sekunde tisa. Zhelyazko amekiandika mara mia mbili na kumi na mbili."

Mama Mkaguzi akavuta mkono wa koti, akahesabu kwa saa yake. Ukumbi mzima ulihesabu naye, hata kamati.

"Tisa," alisema. "Tena tisa. Na yenu iko wapi?"

"Iko nyuma yake," alisema Bwana Meya. "Ni ndogo tu."

"Inaonekana kwa kamera hii?"

"Kwa kamera hii, hapana, lakini..."

"Kwa kamera nyingine yoyote?"

Shangazi Tsonka akafungua daftari ya nane, akampelekea, akamwekea kidole pembeni mwa ukurasa. Mama Mkaguzi akasoma, akaandika mstari mmoja kwenye hati: setilaiti haipo.

Bwana Meya alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa hatua, kama taa za barabarani. "Mama Mkaguzi, kwa heshima yote. Huwezi kusema kitu hakipo eti kwa sababu hakionekani kwenye kamera. Huo si utawala. Huo ni wendawazimu."

"Si mimi. Ni kifungu cha pili. Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umeshanijibu."

Hapo niliomba nafasi, kwa suala dogo la utaratibu. Nilisema kwamba idara yangu ndiyo inayotunza orodha ya nani yupo na nani hayupo, na kwamba amri mpya inatulazimisha kuirekebisha. Nimepitia kanda za uwanjani za miezi kumi na mmoja. Kiangazi chote zinaonekana safi. Wameonekana wastaafu, wote, kila siku. Zimeonekana harusi saba, mbwa watatu, na viti vipya vya ngozi vikiingizwa ofisi ya meya. Bwana Meya hajaonekana.

"Radul," alisema Bwana Meya. "Niko hapa."

"Humu ukumbini hakuna kamera, Bwana Meya."

"Si unaniona?"

"Nakuona, bwana. Lakini si kiofisi."

"Kuna kitabu cha mahudhurio. Nimetia saini kila siku."

Mama Mkaguzi aliomba kitabu, akafunua kurasa chache, akasifu mwandiko. Kisha akamuuliza katibu jina lake, na katibu akaliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko uleule. "Na hata hivyo," alisema Mama Mkaguzi, "kitabu si kamera." Akageukia kwangu. "Meya asipokuwepo inakuwaje?"

"Shughuli nyingi zinasimama, mama. Ila kazi za marehemu naziidhinisha mimi."

"Basi fanya kazi yako. Mimi natafuta kahawa."

Shangazi Tsonka alikuwa na karatasi mkobani. Nadhani ilikuwa humo tangu mwaka jana. Niliiweka juu ya kiti, nikatia saini, nikapiga muhuri mara moja, kisha mara ya pili kwa sababu wa kwanza ulikaa upande. Hakunishukuru. Aliyafuta maandishi ya kalamu ya risasi kwa ncha ya kitambaa, akaniambia, "Sasa yaandike kwa wino."

Idara ilikuwa na jukumu jingine. Mtu asipokuwepo, umma hujulishwa, na idara yangu ina aina moja tu ya karatasi, ile yenye ukingo mweusi. Nikatumia picha ya Bwana Meya iliyobaki kutoka kwenye setilaiti. Chini ya jina palitakiwa kazi. Nilitafuta ushahidi wa kutosha, sikuupata, nikapaacha wazi. Ijumaa asubuhi karatasi mbili mpya zilikuwa kwenye kituo cha basi, bega kwa bega. Watu walisimama, wakavua kofia, wakasema Mungu amsamehe, kama wanavyosema kwa kila mtu. Mbele ya ile ya Zhelyazko walisoma maneno matatu, na baadhi walitazama juu, ingawa juu kulikuwa na ukungu.

Bwana Meya alikuja kwangu saa nne kukata rufaa. Nilimweleza kwamba njia ni rahisi: aonekane mara moja tu kwenye kamera ya uwanjani. Akatoka kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasimama uwanjani akielekeza uso juu na kupunga mikono yote miwili. Wastaafu walishangaa sana. Kisha wakakusanya chupa zao za chai, wakateremka ngazi, wakamzunguka na makaratasi ya malalamiko ya mwaka mzima na ushee, na hakuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu akiondoka uwanjani hatoonekana.

Saa tano Shangazi Tsonka alikuja na banitsa na daftari ya mwisho. Alikaa kwenye kiti cha Zhelyazko. Nilifungua skrini pande mbili: upande mmoja zizi la New Zealand, upande wa pili uwanja wetu, ambao ulikuwa mweupe kabisa kutoka ukingo hadi ukingo. Kinukta kilitoka kona ya kushoto kikipita juu ya kondoo, kikawaka, kikafifia. Tulihesabu pamoja, kimyakimya. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, kamera, dakika, na namba ya mstari: 4,117.

Dirisha langu huwa halifungi vizuri. Kutoka chini, ndani ya ukungu, sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema yuko hapa, yuko hapa, jamani tazameni, yuko hapa.

"Nani huyo?" aliuliza Shangazi Tsonka.

Nikautazama upande wa pili wa skrini, kama amri inavyotaka.

"Hakuna mtu, shangazi," nikamwambia.